GRIPU ZA JOTO ZA BEI RAHISI: PIGA HESABU YA UMEME KABLA YA KULIPA, FUNGA YAKO KABLA YA KUUZA



Najua wenzetu wa Dar mtacheka. Nyie mnatafuta feni, mi nakuja na gripu za kupasha joto mikono kwenye pikipiki. Ila watu wa Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya na Lushoto mnanielewa. Kama unauza mtandaoni halafu mzigo unaupeleka mwenyewe kwa pikipiki, ukifika mwezi wa sita mpaka wa nane unajua shughuli yake.

Mi duka langu liko Njombe. Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba ukitoka saa 12 asubuhi na oda ya Makambako, kama kilomita 60 hivi, hujafika hata nusu ya njia vidole huvisikii tena. Na hapo si suala la kujikaza kiume. Mkono ukifa ganzi unachelewa kubana breki. Mwaka jana ng'ombe alikatiza barabara mbele yangu, nikaona kabisa, akili ikasema bana, vidole vikagoma kukunja. Nilisimama hatua chache kutoka kwake. Siku hiyo hiyo jioni nikaanza kutafuta gripu za joto kwenye simu.

Somo la leo lina pande mbili: namna ya kununua na kufunga zile za bei rahisi, na namna ya kuziuza bila kula hasara. Mi hasara nimeshaila, we soma tu.

NILIVYOLAMBA HASARA

Nilipoona bei nikasema hii ndo fursa. Nikaagiza jozi 10 kwa mpigo. Mpaka zinafika mkononi kila jozi imenigharimu 31,000. Nikapiga picha nzuri, nikaweka status: "Sema kwaheri kwa baridi, 45,000 tu." Ndani ya wiki moja nimeuza jozi 7. Nikajua nimetoboa.

Wiki ya pili simu zikaanza. Mmoja gripu ya kulia haipati joto. Mwingine imegoma kuingia. Mwingine fyuzi ya pikipiki inakatika kila akiwasha. Wa nne ndo alinimaliza. Ni mzee mmoja anapeleka maziwa mjini kila alfajiri. Alikuja dukani kwa miguu.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Ile kitu yako imenilaza pikipiki. Stata inalia tik tik, kiki inagoma. Maziwa lita 40 yamebaki nyumbani, na wateja wangu wamechukua kwa mtu mwingine."

Sikuwa na cha kujibu. Maana hata mi mwenyewe nilikuwa sijazifunga kwenye pikipiki yangu. Nilikuwa nauza picha.

Hesabu ikawa hivi. Niliingiza 315,000. Nikarudisha pesa za watu wanne, 180,000. Mzee nikamnunulia betri mpya, 45,000. Nikabaki na 90,000 mkononi, wakati mzigo ulinigharimu 310,000. Na stoo zina jozi 7: tatu mpya na nne zilizofunguliwa.

Nikakaa chini nikajiuliza, tatizo ni bidhaa au ni mimi? Nikaanza kujifunza kwa fundi umeme wa pikipiki, jioni baada ya kufunga duka. Kumbe bidhaa haikuwa mbaya sana. Ila mimi nilikuwa siijui.

KWANZA JUA UNANUNUA NINI

Gripu ya joto ni raba ya mkono kama ile ya kawaida, ila ndani ina waya mwembamba au karatasi ya kupitisha umeme. Umeme ukipita, inapata moto. Ni kama pasi, ila yenye nguvu ndogo. Za bei rahisi ziko aina tatu:

1. Za kubadilisha kabisa. Unatoa raba ya zamani unaweka hii. Joto linafika vizuri kiganjani. Kufunga kuna kazi.

2. Za kuzungushia juu ya raba iliyopo, zinafungwa kwa kamba au kwa gundi ya kunata. Kufunga ni dakika chache na unaweza kuzitoa baridi ikiisha. Ubaya wake zinanenepesha mkono. Mtu mwenye kiganja kidogo atachoka kubana klachi.

3. Za kuchomeka kwenye chaji ya simu. Hizi hazina nguvu. Chaji ya volti 5 na ampea 2 ni wati 10 tu, tena kwa mikono miwili. Kwa baridi ya kwetu ni kupoteza pesa.

Mi nauza aina ya kwanza, na ya pili kwa mtu ambaye hataki kugusa raba yake.

HESABU YA UMEME (HAPA NDO WENGI TUNAPIGWA)

Usiogope, ni hesabu ya darasa la tano.

Wati gawa kwa volti unapata ampea. Jozi nyingi za aina ya kwanza zinakula kama wati 36. Gawa kwa 12, unapata ampea 3.

Sasa angalia betri yako. Yangu imeandikwa 12V 5Ah. Maana yake ukiwasha gripu injini ikiwa imezimwa, 5 gawa kwa 3, hazifiki hata saa mbili betri imekauka kabisa. Na kabla haijakauka, stata imeshagoma. Mzee wa maziwa alizisahau zimewashwa usiku kucha. Hakukosea yeye. Nimekosea mimi niliyemwambia "unga tu moja kwa moja kwenye betri".

Injini ikiwa inazunguka, pikipiki inatengeneza umeme wake na kuchaji betri. Ila pikipiki zetu ndogo zinatengeneza umeme kidogo. Taa kubwa peke yake mara nyingi ni wati 35. Ukiongeza gripu ni kama umefunga taa kubwa ya pili. Je, pikipiki yako inaibeba?

Usikisie kwa jina la pikipiki. Pima, tena KABLA ya kununua. Fundi alinionyesha njia hii, haina gharama kubwa:

- Tafuta mita ya fundi, ile ya kupimia volti.
- Pima betri pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika. Iliyojaa inasoma karibu 12.6 au zaidi kidogo.
- Washa injini, washa taa, vuta mafuta kiasi kama unatembea. Pima tena. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.5, chaji iko vizuri.
- Sasa chukua balbu ya zamani ya taa kubwa ya wati 35 ambayo bado inawaka. Iunge kwa muda kwenye betri kwa nyaya mbili. Balbu hiyo inakula karibu sawa na gripu zako. Usishike kioo chake, kina moto kweli.
- Vuta mafuta kiasi kilekile, soma mita.

Ikibaki juu ya 13, pikipiki yako inaweza kubeba gripu. Ikishuka chini ya 13 na inaendelea kushuka, achana nazo au tafuta za wati chache. Utapoza mikono au utapoza betri, chagua.

Balbu moja ya zamani ingeniokolea laki mbili na ushee.

CHA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

1. Kipimo cha usukani. Pikipiki nyingi za biashara usukani wake una unene wa milimita 22. Kuna za 25 pia. Pima kwa rula ya fundi, usisome tangazo tu.

2. Kulia na kushoto si sawa. Gripu ya kulia, mkono wa mafuta, inavaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka, kwa hiyo tundu lake ni kubwa kidogo. Kuna wauzaji wanatuma mbili za kushoto. Mteja wangu aliyesema "imegoma kuingia" ilikuwa hiyo.

3. Urefu. Pima raba yako ya sasa kutoka mwisho mpaka kwenye kiboksi cha swichi. Gripu ya joto HAIKATWI. Ukikata umekata waya wa ndani.

4. Pima upinzani wa kila gripu, yaani omu, kwenye nyaya zake mbili. Halafu zidisha 12 kwa 12, ugawe kwa namba uliyosoma. Ikisoma omu 8: 144 gawa 8, ni wati 18 kwa mkono mmoja, wati 36 kwa jozi. Ikisoma 14 ni kama wati 10 tu, hata kama boksi limeandikwa 25. Mita ikionyesha hakuna mawasiliano, waya wa ndani umekatika, hiyo imekufa. Na kushoto na kulia zisipishane sana.

5. Swichi. Ile ya hatua kadhaa ni nzuri, unapunguza mikono ikishapata moto. Angalia kama imezibwa maji yasiingie. Mvua ya kwetu haina huruma.

6. Je, ina fyuzi kwenye waya? Nyingi za bei rahisi hazina. Nunua mwenyewe.

KUFUNGA HATUA KWA HATUA

Vifaa: jozi ya gripu, rilei ya volti 12, fyuzi ya ampea 5 na kikopo chake, nyaya, supa gluu au gundi ya kuchanganya inayovumilia moto, kamba za plastiki za kufungia nyaya, na testa.

Hatua ya 1. Toa waya wa hasi kwenye betri. Kila siku anza na hasi. Spana ikigusa bodi huku unafungua chanya, utaona cheche.

Hatua ya 2. Toa raba za zamani. Pitisha maji ya sabuni kwa ndani huku unazungusha. Ikigoma na huihitaji tena, chana kwa kisu. Upande wa kulia chana taratibu usikate bomba la plastiki.

Hatua ya 3. Safisha. Gundi ya zamani na mafuta yote yatoke, pakauke kabisa. Kama bomba la kulia lina vimistari vilivyonyanyuka na gripu haipiti, visugue kwa msasa kidogo kidogo.

Hatua ya 4. Jaribu bila gundi kwanza. Angalia waya wa gripu unatokea wapi. Upande wa kulia waya unazunguka pamoja na mkono wako, kwa hiyo vuta mafuta mpaka mwisho uone kama unagonga breki au unabanwa na kiboksi. Tafuta sehemu ambayo hausumbuliwi popote. Uachie ulegevu, kama kitanzi kidogo.

Hatua ya 5. Paka gundi, ingiza kwa haraka. Supa gluu haikusubiri ufikirie. Kulia gundi inapakwa juu ya bomba tu, isiingie ndani kati ya bomba na chuma, la sivyo mafuta yatakwama. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya gripu na kiboksi cha swichi. Gripu ikisugua pale, mafuta hayarudi. Kisha iache gundi ikauke kadiri kopo linavyosema.

Hatua ya 6. Umeme. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Ina miguu yenye namba, na namba zinafanana kwenye rilei nyingi za magari na pikipiki:

- Mguu 30: waya kutoka chanya ya betri, kupitia fyuzi ya ampea 5. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri.
- Mguu 87: waya unaokwenda kwenye swichi ya gripu.
- Mguu 86: waya unaopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu. Utafute kwa testa: funguo washa, taa ya testa inawaka, funguo zima, inazima. Huo ndio.
- Mguu 85: hasi, yaani ethi.

Waya wa hasi wa gripu unarudi kwenye hasi ya betri.

Kwa nini nasisitiza rilei? Moja, ukitoa ufunguo gripu zinakufa hapohapo, hata ukisahau swichi. Mbili, kuna swichi za bei rahisi zinanyonya umeme kidogo kidogo hata zikiwa zimezimwa. Pikipiki ikikaa siku kadhaa, betri kwisha. Tatu, hubebeshi nyaya nyembamba za ufunguo mzigo ambao hazikutengenezewa. Yule mteja aliyekuwa anakata fyuzi alikuwa ameunga kwenye waya wa indiketa.

Na kwa nini fyuzi ya 5 wakati hesabu ni 3? Kwa sababu injini ikizunguka volti zinapanda mpaka 14, na ampea zinapanda kidogo, kama 3.5. Ya 5 inatosha. Usiweke ya 15 ati isikatike. Kazi ya fyuzi ni kukatika yenyewe kabla waya haujaungua.

Hatua ya 7. Panga nyaya. Zifuate njia ya nyaya za zamani kwenye usukani. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, usione waya umevutwa wala kubanwa. Viungio vyote vifunikwe vizuri. Rudisha hasi ya betri mwisho kabisa.

MAJARIBIO MATATU KABLA YA KUTOKA BARABARANI

Jaribio la kwanza: injini imezimwa, vuta mafuta mpaka mwisho uachie. Mkono urudi WENYEWE, kwa haraka. Rudia usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Ukisitasita hata mara moja, fungua uanze upya. Afadhali mikono ipoe kuliko mafuta yakwame kwenye mteremko.

Jaribio la pili: washa injini, iache inguruma taratibu, geuza usukani pande zote. Mlio usipande. Ukipanda, kuna waya unavuta mkono wa mafuta.

Jaribio la tatu: washa gripu kwa nguvu zote pamoja na taa, vuta mafuta kiasi, pima betri. Tunataka iwe juu ya 13. Halafu dakika kumi baadaye shika gripu zote mbili, joto liwe sawa.

Ukiwa unatembea, tumia nguvu zote mwanzo, ukishapata joto punguza. Ukikaa kijiweni umeiacha injini inaunguruma taratibu, zima gripu, maana hapo chaji ni ndogo.

Kitu kingine: gripu inapasha kiganja, ila upepo unakupiga nyuma ya mkono. Ukiwa na vile vifuko vya kuingiza mikono ambavyo bodaboda wanafunga kwenye usukani, joto linabaki ndani na unaweza kukaa kwenye hatua ndogo. Na kama jaribio la balbu limekataa, basi vifuko hivyo na glovu nzuri vinakutosha. Havili hata wati moja. Mwambie mteja ukweli huo hata kama hatanunua kitu.

SASA UPANDE WA KUUZA

Baada ya hapo nilifunga jozi moja kwenye pikipiki yangu nikatembea nayo mwezi mzima, baridi na mvua. Ndipo nikarudi sokoni. Nilibadilisha haya:

1. Siuzi gripu tupu tena. Nauza seti: gripu, rilei, fyuzi na kikopo, nyaya. Nyongeza hiyo inanigharimu kama 10,000.

2. Kila jozi napima omu kabla haijatoka, naandika namba kwenye boksi kwa kalamu. Mbovu hairudi na mteja, inaishia kwangu.

3. Kabla ya kupokea pesa namuuliza mteja maswali matatu: pikipiki gani, usukani unene gani, na betri inasoma ngapi injini ikizunguka na taa imewaka. Asiyejua la tatu namwambia apitie kwa fundi wake apime, au aje dukani tupime bure. Wa mkoani anatuma picha ya mita.

4. Wa hapa mjini nawafungia na fundi. Fundi anachukua 10,000. Seti ikishafungwa ni 75,000. Toa 31,000, toa 10,000 ya vifaa, toa 10,000 ya fundi, nabaki na 24,000. Zamani nilikuwa nabaki na 14,000 kwenye karatasi, halafu narudisha 45,000 kwa aibu.

5. Tangazo linasema ukweli. Nimeandika: "Si kila pikipiki inafaa. Njoo tupime kwanza." Nilidhani litafukuza wateja. Kumbe mtu akiona unakataa pesa yake, anakuamini zaidi.

Zile jozi nne zilizorudi nilizipima zote. Moja ilikuwa imekufa kweli. Ile iliyogoma kuingia ni mbili za kushoto, nimeibakiza ya akiba. Mbili zilikuwa nzima kabisa, tatizo lilikuwa kuunga.

Na mzee wa maziwa? Nilimfuata mwenyewe kwake Uwemba. Tukafanya jaribio la balbu kwenye pikipiki yake. Mita ikashuka mpaka 12.4 na haikupanda. Nikamwambia, "Mzee, pikipiki yako haiwezi. Nisingekuuzia siku ile kama ningekuwa najua." Nikamfungia vifuko vya mikono. Alinilipa kwa maziwa lita mbili, na tangu hapo kanitumia wateja watatu.

Funzo langu kwa wewe unayeuza mtandaoni, hata kama huuzi gripu: kitu ambacho hujakitumia mwenyewe hukijui, na usichokijua mteja atakufundisha kwa pesa yako.

Hifadhi hii, baridi ikianza utaitafuta. Na kama una mwenzako anapeleka oda asubuhi kwenye umande, mtumie. Kesho tukutane kwenye somo lingine. Kazi njema wadau.